Maji Yapi Yatabisha Hodi? Bima ya mafuriko kwa nyumba za Musoma, Bunda na Butiama

Mdomoni mwa watu wengi, bima ya nyumba Tanzania ni "bima ya moto". Ndivyo wakala anavyoitaja, ndivyo karani wa benki anavyoiandika kwenye orodha ya viambatanisho vya mkopo. Jina hilo limewaponza wengi. Mtu anakata bima, anaiweka hati kwenye bahasha ya kaki pamoja na karatasi za kiwanja, kisha analala usingizi akijua nyumba ina kinga. Siku maji yanapofika usawa wa kitanda ndipo anapoifungua bahasha na kukuta kwamba alichonunua ni kinga ya moto, radi na mlipuko. Mafuriko yalikuwa kwenye orodha ya majanga ya nyongeza, na kisanduku chake hakikuwekewa alama.

Mkoani Mara kosa hilo lina gharama yake. Mji wa Musoma umekaa juu ya rasi iliyoingia ndani ya Ziwa Victoria. Bunda iko kati ya vilima na tambarare za Ghuba ya Speke, ambako Mto Grumeti na Mto Rubana hupeleka maji yake. Butiama, kwa upande wa kaskazini, inapakana na mabwawa ya mafunjo ya Mto Mara. Kwa hiyo mwenye nyumba wa mkoa huu asianze kwa kuuliza kampuni gani ina bei nafuu. Aanze kwa kuuliza ni maji yapi yanayoitishia nyumba yake: ziwa linalopanda, mto unaovunja kingo, au mvua inayoteremka mlimani na kupita sebuleni kama njia yake ya asili. Machoni pa aliyelowa, maji ni maji tu. Kwenye mkataba wa bima hayo ni mambo matatu, na kampuni inaweza kulipa moja na kuyakataa mawili.

Ziwa ndilo gumu zaidi, na linastahili kuelezwa kwa kituo.

Zaidi ya robo tatu ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha moja kwa moja juu ya ziwa lenyewe, na mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, Uganda, ambako bwawa la Owen Falls, sasa Nalubaale, lilifunguliwa mwaka 1954. Mvua ikizidi misimu miwili mitatu mfululizo, ziwa hujaa polepole na hupungua polepole zaidi. Mvua kubwa zilizonyesha wakati Tanganyika inapata Uhuru, kuanzia mwishoni mwa 1961, zililipandisha ziwa zaidi ya mita mbili kufikia 1964. Kwa kipimo cha Jinja lilisoma mita 13.41 mwaka huo, na halikurudi lilikokuwa kwa miaka mingi. Rekodi hiyo ilidumu hadi Mei 2020, ziwa liliposoma mita 13.42 baada ya kupanda zaidi ya mita moja kwa kipindi cha miezi michache tu. Mwaka 2024, mvua za El Niño zilipomalizika, likasoma mita 13.66. Namba hizo si kina cha maji. Ni usawa wa uso wa ziwa juu ya alama ya kipimo. Lakini mwambao wa Makoko au mwalo wa Mwigobero hauhitaji kipimo cha Jinja. Ziwa ni sahani moja, likijaa kule linajaa na huku.

Sasa bima. Mkataba wa kawaida wa majanga hulipa hasara itokanayo na tukio la ghafla, lisilotarajiwa. Mto ukivunja kingo usiku, hakuna ubishi. Lakini ziwa linalosogea hatua moja kila wiki, likaloweka msingi mwezi wa Machi, likachungulia jikoni Aprili na kuingia chumbani Mei, lina ughafla gani? Mtathmini wa hasara anaweza kusema, na kwa maneno ya mkataba anaweza kuwa na haki, kwamba hayo ni maji yaliyopenya taratibu, na maji yanayopenya taratibu yamo kwenye orodha ya yasiyolipwa. Anaweza pia kuuliza kwa nini mwenye nyumba hakuhamisha vyombo wakati alikuwa na wiki 6 za kuyaona maji yakija. Na baada ya 2020 na 2024, nani atasema hakutarajia?

Ndiyo maana mwenye nyumba ya mwambaoni anapaswa kumwandikia wakala swali moja kabla hajalipa hata shilingi: "Maji ya ziwa yakipanda taratibu kwa wiki au miezi na kuingia ndani ya nyumba, mtalipa?" Jibu lije kwa maandishi, kutoka kampuni yenyewe, kwa barua au baruapepe. Jibu la wakala kwa simu, hata likiwa na "usijali mzee wangu" tatu, halina uzito siku ya madai. Kampuni ikikataa kuandika, imeshajibu.

Kuna jambo la pili kuhusu mwambao ambalo watu hawapendi kulisikia. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, mto au bwawa. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo inaruhusu eneo hilo hilo litangazwe kuwa ardhi hatarishi. Nyumba nyingi zimo ndani ya mita hizo, nyingine tangu enzi za babu, nyingine tangu juzi. Zaidi ya hapo, ziwa likipanda, mita 60 zinasogea nalo: nyumba iliyojengwa mbali na maji mwaka 2006, ziwa lilipokuwa limepungua sana, inaweza kujikuta imefuatwa. Mwenye nyumba ya namna hiyo akijaza fomu bila kutaja umbali kutoka majini, anaipa kampuni sababu ya kumkatalia. Aupime umbali huo kwa utepe, auandike, aambatanishe picha. Kampuni ikikubali kuibeba nyumba ikijua ilipo, haitaweza baadaye kusema ilidanganywa.

Mto ni habari nyingine, na kwa bima ni habari nzuri kuliko ziwa.

Mto Mara una urefu wa karibu kilomita 395, unaanzia msitu wa Mau nchini Kenya, unapita Maasai Mara na Serengeti, kisha unatawanyika kwenye mabwawa kabla ya kubanwa tena pale daraja la Kirumi na kuingia ziwani. Maana yake kwa mtu wa Wegero au Buswahili, wilayani Butiama, ni kwamba mafuriko yanaweza kuja siku ambayo kwake jua linawaka. Mvua imenyesha Kenya. Maji yako njiani. Tukio la namna hiyo linaingia vizuri ndani ya tafsiri ya mafuriko iliyo kwenye mikataba mingi: maji kutoka kwenye mkondo wake wa kawaida na kufunika ardhi ambayo kwa kawaida ni kavu. Maneno ya kuangalia hapo ni hayo ya mwisho. Nyumba iliyojengwa pale mafunjo na matete yalipokuwa yakiota miaka kumi iliyopita iko kwenye ardhi ambayo kwa kawaida si kavu. Wazee wa kijiji wanaijua mipaka ya maji kuliko ramani yoyote. Kabla ya kuulizwa na mtathmini, ni busara mtu akawaulize yeye.

Tatizo la vijijini Butiama ni ukuta. Kampuni za bima huuliza nyumba imejengwa kwa nini na imeezekwa kwa nini. Tofali za saruji au za kuchoma, kwa bati, hupita bila maneno mengi. Tofali mbichi za udongo huleta kusitasita, ada kubwa zaidi au kukataliwa. Nyumba ya miti na udongo iliyoezekwa nyasi, kwa kweli, haina soko kwenye bima ya kawaida, na wakala anayeahidi vinginevyo aulizwe maswali makali. Mantiki yake si chuki kwa maskini. Tofali bichi likikaa ndani ya maji kwa siku mbili linarudi kuwa tope, na hasara inakuwa nyumba nzima, si rangi na milango.

Ukaribu na ziwa au mto si lazima ili mtu apate mafuriko. Bunda ndio mfano. Mji uko chini ya vilima vya Balili, na mvua kubwa ya jioni ikipiga juu ya mawe, maji hayana pa kuzama. Yanateremka yakitafuta mtaro, na mtaro ukiwa umejaa mchanga na mifuko, yanatafuta mlango. Musoma mjini nako kuna mitaa yenye mwamba chini ya udongo mwembamba, ambako hali ni hiyo hiyo. Mwenye nyumba anaita mafuriko. Mkataba unaweza kuyaita dhoruba, au maji ya mvua, au usiyaite kitu. Baadhi ya mikataba huunganisha dhoruba, tufani na mafuriko kwenye kifungu kimoja. Mingine huvitenganisha, na mteja akachukua dhoruba akaacha mafuriko kwa sababu "mimi siko karibu na mto". Wa Bunda achukue vyote viwili.

Aangalie pia vifungu viwili vinavyomhusu yeye kuliko wengine. Kimoja ni maji yaliyoingia kwa sababu ya kasoro ya jengo lenyewe: bati lililotoboka, dirisha lisilofungika, msingi ulioko chini ya usawa wa barabara. Barabara za mitaa hupandishwa kila zinapowekewa kifusi, na nyumba iliyokuwa sawa na barabara mwaka jana inabaki shimoni mwaka huu. Mabadiliko kama hayo huongeza hatari, na kampuni inapaswa kuarifiwa. Cha pili ni nyufa. Tambarare za kuelekea Ghuba ya Speke zina udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Kuta huchanika kila msimu. Mikataba mingi hailipi kabisa kuvimba, kutitia na nyufa zinazotokana na udongo kucheza, hata kama nyufa zenyewe zimeonekana wiki ile ile ya mafuriko. Picha za kuta zote, zilizopigwa kiangazi kabla ya bima kuanza, ndizo zitakazotenganisha ufa wa zamani na ufa wa maji.

Baada ya kujua maji, ndipo hesabu. Na hapa wengi wanajipunja kwa kudhani wanabana matumizi.

Kinachokatiwa bima ni gharama ya kujenga upya jengo, si bei ya kuuza. Kiwanja hakielei. Nyumba ya Nyasho inayouzwa milioni 90 kwa sababu iko karibu na soko inaweza kujengwa upya kwa milioni 60, na hiyo 60 ndiyo ya kuandika. Kinyume chake, nyumba nzuri ya kijijini ambayo haipati mnunuzi kwa milioni 25 inaweza kuhitaji 40 kuisimamisha tena, kwa sababu saruji na nondo hazipungui bei kwa kuwa mtu yuko kijijini. Fundi anayeaminika anaweza kutoa makadirio. Kwa nyumba kubwa, mthamini aliyesajiliwa ni gharama inayojilipa.

Tuseme mwalimu mstaafu ana nyumba ya kujengwa kwa milioni 60. Ili ada iwe ndogo anaandika milioni 30. Kwa ajili ya hesabu tu, tuchukue ada ya asilimia 0.2 ya thamani: angelipa 120,000 kwa mwaka, sasa analipa 60,000. Maji yanakuja, yanaharibu sakafu, milango, nyaya na plasta, hasara ya milioni 20. Anaona milioni 20 iko chini ya 30, basi analipwa yote. Halipwi. Kwa kanuni ya wastani, aliyekata nusu ya thamani analipwa nusu ya hasara: milioni 10. Toa kiasi ambacho mteja hujibebea mwenyewe kwenye kila dai, tuseme asilimia 10, inabaki milioni 9. Angeandika thamani kamili angepata 18. Amebana 60,000, amepoteza milioni 9.

Kile kiasi cha kujibebea kiulizwe kwa jina lake na kwa namba. Kwa moto kinaweza kuwa kidogo na kwa mafuriko kikawa kikubwa ndani ya hati ile ile. Mara nyingine huandikwa asilimia ya hasara, au kiwango cha chini cha shilingi kadhaa, "chochote kitakachozidi". Maneno hayo mawili yana nguvu. Kwa nyumba ndogo, kiwango cha chini kikiwa kikubwa, mafuriko ya kawaida yanayoharibu godoro na sofa hayatafika hata mlangoni pa madai.

Vyombo vya ndani ni bima ya peke yake, au sehemu yake ndani ya kifurushi cha nyumba. Anayekata jengo tu, kalipia kuta. Friji, runinga, cherehani, godoro na nguo ziko nje. Mpangaji naye, na Musoma imejaa wapangaji walimu, wauguzi na wafanyakazi wa halmashauri, asidhani bima ya mwenye nyumba inamgusa. Yake ni vyombo, na ada yake ni ndogo kuliko ya jengo. Jambo la kuuliza ni kama vyombo vinalipwa kwa bei ya kipya au kwa kupunguza uchakavu. Godoro la miaka mitano, ukitoa uchakavu, linalipwa bei ya foronya.

Kuna kitu kimoja cha pwani ya ziwa ambacho fomu hazikukifikiria. Kwenye nyumba nyingi za karibu na mialo, sebule ndiyo stoo: magunia ya dagaa yamepangwa hadi dirishani, injini ya boti iko nyuma ya mlango, nyavu juu ya kabati. Bima ya nyumba ya kuishi kwa kawaida haibebi mali ya biashara. Dagaa wakilowa, mama mwenye mzigo ataambiwa kwamba hicho si chombo cha ndani. Zaidi ya hilo, kama fomu inasema nyumba ni ya kuishi tu, mzigo huo unaweza kutumika kuhoji bima nzima. Ni afadhali kuusema mwanzoni na kuuongezea kinga yake ya bidhaa, au kuutafutia stoo kwenye mwinuko. Shamba la mpunga au la mahindi nalo lina njia yake: muungano wa kampuni za bima ya kilimo, TAIC, ulizinduliwa mwaka 2023. Shamba halimo kwenye hati ya nyumba.

Vya nje ya nyumba navyo visisahaulike: ukuta wa uzio, choo cha nje, karo, banda la kuku, tangi, sola, pampu ya kisima. Uzio ndio unaoanguka wa kwanza maji yakisukuma, na ndio unaoongoza kwa kutolewa kwenye kinga. Visipotajwa kwa majina, havimo. Gharama ya kuondoa tope na kifusi, na kodi ya kupanga pengine wakati nyumba inakauka, ni nyongeza mbili ambazo kwa maoni ya mwandishi huyu zina thamani kuliko nyingi zinazopigiwa debe.

Watumishi wenye mikopo wana mtego wao. Benki inapokata "bima ya mkopo", mara nyingi inakata kinga ya kifo au ulemavu wa mkopaji, ili deni lilipwe. Maji hayamo. Benki ikidai bima ya jengo kwa sababu nyumba ni dhamana, bima hiyo inaweza kuwa ya kiasi cha mkopo tu, na fidia ikaanza kwa kulipa deni. Mwenye nyumba aombe nakala ya hati. Ni haki yake, ada inatoka kwenye mshahara wake. Aisome, na kama inaishia kwenye deni, aulize ataongeza kiasi gani ifikie thamani ya nyumba.

Kisha inakuja fomu ya maombi, karatasi mbili tatu ambazo watu huzijaza wamesimama kaunta. Humo kuna swali linaloulizwa kwa upole: nyumba imewahi kuingiwa na maji? Hebu ichukuliwe hali hii, ya kubuni lakini si ngeni. Mama anasema, "Mwaka 2020 yaliingia kidogo, yakaishia kwenye korido." Wakala kijana, mwenye lengo la mwezi la kufikisha, anajibu, "Mama yangu, tukiandika hivyo watatuzungusha. Tuweke hapana, mambo yaende." Mama anatia saini. Miaka mitatu baadaye mtathmini anakuja, anaangalia ukuta wa korido, anaona mstari wa chumvi na rangi iliyovimba chini ya rangi mpya, sentimita 20 kutoka sakafuni. Anapiga picha. Mkataba wa bima umesimama juu ya ukweli wa anayekatiwa, na saini ni ya mama. Wakala ameshahamia mkoa mwingine.

Jibu la kweli linaweza kupandisha ada, kuongeza kiasi cha kujibebea, au kuleta masharti, kama kupandisha kizingiti au kuchimba mtaro. Hayo ndiyo yanayofanya dai liwe na miguu.

Wapo watakaosema bima ya nini, Serikali ipo. Ipo, na husaidia. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, alilieleza Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 na kuathiri zaidi ya kaya 51,000 na watu wapatao 200,000. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang, mkoani Manyara, Desemba 2023, waathirika walijengewa nyumba zaidi ya 100 eneo la Gidagamowd. Lakini huo ni msaada wa maafa, si fidia. Aliyepata Hanang hakuchagua ukubwa wa nyumba wala mahali, na janga lile liligusa taifa zima. Nyumba tano zilizoingiwa na maji mtaani Bunda usiku wa Jumanne hazifiki kwenye taarifa ya habari. Mwenye nyumba hubaki na mtendaji wa mtaa, majirani na turubai.

Muda nao una sheria yake. Tanzania, kinga haianzi mpaka ada ilipwe. Ahadi ya "nitalipa mwisho wa mwezi" haifungui bima. Baadhi ya nchi zimeenda mbali zaidi: mpango wa taifa wa bima ya mafuriko wa Marekani, ulioanzishwa 1968, kwa kawaida humsubirisha mteja siku 30 tangu alipe, kwa sababu watu walikuwa wakikimbilia ofisini wakiona mawingu. Mara ina misimu miwili, vuli ya Oktoba hadi Desemba na masika ya Machi hadi Mei, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa kila msimu kabla haujaanza. Tahadhari ikishatangazwa redioni, kampuni inaweza kusita kupokea nyumba mpya za eneo hilo. Mwezi mzuri wa kukata ni ule ambao hakuna anayefikiria mvua.

Aliyelipa apewe hati, si risiti tu, kisha aihakiki kwenye mfumo wa TIRA-MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima (TIRA), ambao unaonyesha kama bima hiyo ipo kweli. Dakika mbili za simu. Wapo waliotembea miaka na karatasi nzuri yenye mhuri, isiyosajiliwa popote.

Siku maji yakiingia, watu kwanza. Vyombo baadaye, karatasi ziwe zilishawekwa juu mapema. Yakipungua, picha zipigwe kabla ya ufagio: mstari wa maji ukutani ukiwa na futi pembeni, kila chumba, kila chombo kilichoharibika, namba za mashine. Kampuni ipewe taarifa siku hiyo hiyo au kesho yake, kwa simu na kwa maandishi, kwa sababu hati hutaja muda na ucheleweshaji ni kisingizio cha bure kuwapa. Barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa isaidie kuthibitisha tukio. Kampuni ikitaka ushahidi wa mvua, Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kumbukumbu, na kituo kipo Musoma. Godoro lililooza lisitupwe mpaka mtathmini alione, au angalau akubali kwa maandishi litupwe. Na mwenye nyumba asitie saini karatasi ya kukubali malipo ya mwisho kwa sababu ya njaa ya wiki ile. Asiporidhika, aandike kwa kampuni kwanza, kisha aende TIRA, yenye ofisi ya Kanda ya Ziwa Mwanza, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa ajili ya wateja wa kawaida wasio na fedha za wakili.

Baada ya yote hayo, wapo ambao mwandishi huyu asingewashauri wakate bima ya mafuriko mwaka huu. Mwenye nyumba ya tofali mbichi ndani ya mita 60 za ziwa, kule Makoko, iliyoingiwa na maji 2020 na tena 2024, ama atakataliwa ama atalipa ada kwa kinga ambayo vifungu vyake vimeshaiondoa nyumba yake. Fedha hiyo, hata kama ni ya mzunguko wa VICOBA, ianze kutafuta kiwanja juu, au ipandishe msingi na kizingiti na kujenga tofali za saruji kozi tano za chini. Kwa mwenye nyumba ya tofali za kuchoma Wegero, nje ya ukanda wa mafunjo, anayeogopa mto wa kutoka Kenya, jibu ni kinyume: akate, na aandike thamani kamili. Wa Bunda chini ya mlima akate jengo na vyombo, dhoruba na mafuriko kwa pamoja, na azibue mtaro wake.

Kwa msomaji mwenye bahasha ya kaki kabatini: itoe leo, tafuta neno "mafuriko" ndani yake, na uangalie kama liko upande wa yanayolipwa au yasiyolipwa. Usipolielewa, lipeleke kwa kampuni na swali lako likiwa limeandikwa, kabla Oktoba haijafika.